Amana ya Watoto wa Dakhalia: Khutba juu ya Maradhi ya Upele

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu kwa umbo lililo bora, akamvika ngozi iwe sitara na ngome ya mwili wake, na akajaalia kwa maradhi dawa zake. Tunamhimidi, tunamtaka msaada, na tunamuomba maghufira. Tunashuhudia ya kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu peke yake, na tunashuhudia ya kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni nyinyi na tunaziusia nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, katika mambo makubwa na katika yale ambayo watu huyaona madogo.

Miongoni mwa mambo ambayo watu huyaona madogo ni hili tulilolikusudia leo, nalo ni maradhi ya upele yanayowasumbua watoto wetu katika dakhalia za skuli, katika mabweni, na katika vyuo vya Qurani ambamo wanafunzi husoma na hulala humo humo. Huenda msikilizaji akastaajabu, akasema: Je, mimbari ni mahali pa kuzungumzia kujikuna? Tunamjibu kwamba vitabu vyetu vya fiqhi huanza na mlango wa twahara kabla ya kufika mlango wa Sala, na kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwafundisha umma wake kupiga mswaki, kukata kucha, kuoga siku ya Ijumaa, na hata kukung'uta matandiko kabla ya kulala. Dini iliyoingia mpaka kwenye kitanda cha muumini haiwezi kunyamaza juu ya kitanda cha mtoto wake.

Ndugu Waislamu, mfikirini mtoto wa miaka 12 aliyeachwa na wazazi wake mlangoni mwa dakhalia, na sanduku lake la bati na godoro lake. Mchana anasoma pamoja na wenziwe. Usiku, wenziwe wanapolala, yeye anajikuna, kwani mwasho wa upele huzidi usiku, mwili unapopata joto la kitandani. Alfajiri anaamshwa kwa Sala na macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Darasani anasinzia, na mwalimu anamdhania mvivu. Anavuta mikono ya kanzu yake kuficha vidole, wala hamwambii mtu, kwa sababu aliyesema kabla yake alipewa jina la kudhihakiwa na jina hilo likamganda. Mtoto huyu hakuumizwa na adui. Amepatwa na madhara haya akiwa mikononi mwa watu wema, mahali alipopelekwa kutafuta elimu.

Tuyatazame kwanza maradhi yenyewe, kwani asiyeijua asili ya jambo hawezi kuliondoa. Upele hauletwi na kula chakula fulani, wala na damu chafu, wala na hasadi. Huletwa na mdudu mdogo mno, ambaye jike lake halifikii hata nusu milimita kwa urefu. Jike hilo huchimba njia ndani ya tabaka la juu la ngozi, na humo hutaga mayai mawili au matatu kila siku. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na katika muda wa wiki mbili hivi vitoto huwa vimekwisha kukua na kuanza kutaga. Mahali wanapopenda ni baina ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kwenye viwiko, makwapani, kiunoni, matakoni na sehemu za siri. Mgonjwa wa kawaida huwa na wadudu 10 mpaka 15 tu mwili mzima, lakini hao wachache wamtosha kumnyima usingizi.

Na jambo hili ni katika mambo ambayo matabibu wa Kiislamu walitangulia kuyatambua. Tabibu Abu Marwan Ibn Zuhr wa mji wa Ishbilia katika Andalus, mji ambao leo huitwa Sevilla, aliyefariki mwaka 1162, aliandika juu ya viumbe vidogo vinavyotambaa chini ya ngozi, ambavyo ngozi ikibanduliwa hutoka vikiwa hai na ni vidogo kiasi cha kukaribia kutoonekana kwa jicho. Zaidi ya miaka 500 baadaye, mwaka 1687, Giovanni Cosimo Bonomo wa Italia alimtazama mdudu huyo kwa darubini na akaitangaza sura yake. Basi si haki kwa umma uliokuwa na Ibn Zuhr kuendelea kuamini kwamba upele hauna sababu ijulikanayo.

Wala isidhaniwe kwamba ni maradhi ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 huwa wanaugua upele, na mwaka 2017 liliuingiza upele katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Wala isidhaniwe kwamba ni mwasho tu. Kucha zinapoichana ngozi, vijidudu vingine huingia, pele zikawa vidonda vyenye usaha. Vijidudu hivyo mara nyingine huleta madhara mpaka kwenye figo, mtoto akavimba uso na mkojo wake ukabadilika rangi. Mzazi akiona hivyo na ampeleke mtoto wake hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa tuulize: Kwa nini dakhalia? Kwa nini mtoto aliyekaa nyumbani miaka 10 bila ya upele aupate katika muhula wake wa kwanza? Waliochunguza habari hii katika nchi mbalimbali wametaja sababu ambazo kila aliyewahi kuingia katika bweni atazitambua.

Sababu ya kwanza, nayo ndiyo mama yao, ni msongamano wa malazi. Mdudu wa upele haruki wala hapuruki. Hutambaa tu kutoka mwili hadi mwili, na huhitaji mguso wa muda mrefu wa ngozi kwa ngozi. Kupeana mkono baada ya Sala kwa kawaida hakutoshi kumhamisha, kwa hivyo asikatae mtu kumpa mwenzake mkono wa salamu. Lakini watoto wawili kulala godoro moja, au wanne kulala mzungu wa nne juu ya mikeka miwili iliyounganishwa, hiyo ndiyo njia yake pana. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, mtaalamu Kenneth Mellanby wa Uingereza aliwalaza watu waliojitolea katika mablanketi yaliyotumiwa na askari wenye upele, na walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Akafahamu kwamba mlango mkubwa wa maradhi ni mwili kugusana na mwili. Nasi tunayo mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.), aliyopokea Abu Daud, kwamba watoto wafikapo umri wa miaka 10 watenganishwe katika malazi. Wanavyuoni wameyafasiri mafunzo hayo kwa upande wa heshima na sitara, na hivyo ndivyo. Lakini tazameni jinsi amri moja ya sharia inavyokusanya maslaha mengi: mtoto aliyepewa malazi yake peke yake amehifadhiwa heshima yake na amehifadhiwa ngozi yake pia.

Sababu ya pili ni kushirikiana vitu vya mwilini: taulo, kikoi, kanzu, shuka na foronya. Mdudu akitoka mwilini huweza kuishi siku mbili au tatu, kwa hivyo nguo iliyovuliwa sasa hivi na mgonjwa ikavaliwa papo hapo na mwingine yaweza kumbeba. Watoto wetu hufanya hivi kwa udugu na ukarimu, na ukarimu ni katika Uislamu. Wafunzwe kwamba mtu humkirimu mwenzake kwa tende, kwa kalamu na kwa kumsaidia kudurusu, ama taulo ni la mwenyewe.

Sababu ya tatu ni uchache wa maji na wa nafasi ya kufulia na kuanikia. Hapa lazima tuweke wazi jambo moja, kwa sababu watoto wengi wamedhulumiwa kwalo. Upele humpata msafi kama unavyompata asiyekuwa msafi. Kuoga peke yake hakumtoi mdudu aliyekwisha kuchimba ndani ya ngozi, na wako watoto wanaooga mara mbili kila siku na bado wanaugua. Basi asiitwe mtoto mchafu kwa sababu ana upele. Lakini pakosekanapo maji, mashuka hayafuliwi, vidonda haviponi, kucha hujaa uchafu, na maradhi madogo huwa makubwa.

Sababu ya nne ni kuficha, na kuficha hutokana na aibu. Mtu anayeupata upele kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne mpaka sita bila ya kuhisi mwasho, na katika muda huo huwa anaambukiza wenziwe bila ya kujua. Ukiongeza juu ya hapo wiki nyengine nne za kuficha kwa kuogopa kuchekwa au kufukuzwa, bweni zima litakuwa limekwisha kupata. Na ukimya huo ndio unaoufuatisha upele nyumbani wakati wa likizo, mtoto akawaambukiza wadogo zake, kisha akarudi nao muhula unapofunguliwa.

Ndugu zangu katika imani, yako maneno ambayo ni hatari kuliko mdudu mwenyewe, nayo ni maneno ya kuyazoea maradhi. Katika nchi ya Indonesia, ambako skuli za dini zenye mabweni huitwa pesantren, upo mzaha wa siku nyingi usemao kwamba mwanafunzi hajawa mwanafunzi khasa mpaka apate upele. Nasi pia tunao watu wasemao kwamba upele ni mtihani wa mwenye kutafuta elimu, kwamba hata walimu wetu waliupata, na kwamba ni kadari, tusubiri. Maneno haya yana sura ya dini, lakini tuyapime kwa mizani ya dini.

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alipokanusha itikadi ya Wajahilia juu ya kuambukizana, bedui mmoja alimuuliza habari ya ngamia wake walio wazima mfano wa paa, akaingia kati yao ngamia mwenye upele, wote wakapata upele. Mtume akamrudishia suali: ni nani basi aliyemwambukiza yule wa kwanza? Wako waliolichukua jibu hili wakasema kwamba hakuna haja ya kujikinga. Lakini Abu Huraira huyo huyo amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kuwanywesha pamoja na ngamia wazima wa mtu mwingine. Wanavyuoni wamezilinganisha Hadithi hizi mbili wakasema: ya kwanza yakanusha kwamba maradhi yana nguvu ya nafsi yake bila ya idhini ya Mwenyezi Mungu, na ya pili yathibitisha kwamba Mwenyezi Mungu ameweka sababu, na kwamba mwenye akili huziepuka sababu za madhara. Wala msisahau kwamba maradhi yaliyotajwa na bedui yule ni haya haya ya upele. Ikiwa Mtume wetu amemhurumia ngamia mzima asichanganywe na mgonjwa, basi tutamjibu nini Mwenyezi Mungu juu ya watoto tuliowabana watatu katika kitanda kimoja?

Na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari, alijibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari yake nyengine. Dawa ni kadari. Kitanda cha pili ni kadari. Tangi la maji ni kadari. Anayesubiri juu ya maradhi ambayo dawa yake imo katika duka la mtaa wa pili, huyo anayemsubirisha ni mtoto wa mwenziwe.

Ama aibu, Mtume wetu (S.A.W.) ameiondoa. Imepokewa kwa Anas bin Malik (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume aliwaruhusu Zubair bin Awwam na Abdurrahman bin Auf kuvaa hariri, nayo ni haramu kwa wanaume, kwa sababu ya mwasho uliowapata. Hawa ni wawili katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Hawakuficha mwasho wao, hawakuchekwa, wala hawakuambiwa wasubiri. Walipewa ruhusa ya kisharia itakayowapunguzia taabu. Basi mwanafunzi anayetusikiliza sasa na vidole vyake vinamuwasha, na ajue kwamba waliowashwa kabla yake ni watu watukufu, na amwendee mlezi wa dakhalia leo hii.

Tunasema maneno haya, na tunamuomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi. Muombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwingi wa rehema.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumekwisha kuzijua sababu. Sasa tuseme wajibu wa kila mmoja, kwani Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Tuanze na wenye dakhalia na walezi wa watoto. Upele wa bweni hauondoki kwa kumtibu mtoto mmoja mmoja. Akitibiwa huyu leo, na jirani yake wa kitanda akaachwa, wiki ijayo atarudishiwa. Wazee wetu wamesema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na kwa upele maneno haya ni kweli tupu. Sharti watibiwe wote kwa siku moja, anayejikuna na asiyejikuna, pamoja na walimu, wapishi na walezi wanaolala hapo, na ahali zao.

Ushahidi wa jambo hili tunao karibu. Kuanzia mwaka 2001, watu wa Unguja na Pemba walikuwa wakipewa dawa za ivamektini na albendazoli, nyumba kwa nyumba, kwa ajili ya kuondoa maradhi ya matende. Wataalamu walipozitazama daftari za vituo vya afya katika miaka iliyofuata, wakakuta kwamba wenye upele nao wamepungua sana, ingawa dawa haikutolewa kwa ajili yao, kwani ivamektini humuua mdudu wa upele pia. Na katika visiwa vya Fiji, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba pale watu wote walipopewa ivamektini, wenye upele walipungua katika mwaka mmoja kutoka watu 32 katika kila mia hadi watu 2. Pale walipotibiwa wagonjwa na waliowakaribia tu, walipungua kutoka 37 hadi 19. Tofauti baina ya 2 na 19 ni thamani ya kutibiwa wote pamoja.

Dawa ziko, na nyingi si ghali. Iko pemethrini ya kupaka. Iko dawa nyeupe ya benzili benzoeti, ambayo vituo vyetu vya afya vimeitumia kwa miaka mingi. Iko marhamu ya kibiriti upele, ambayo jina lake lenyewe latuambia wazee wetu waliitumia kwa kazi gani. Na iko ivamektini ya kumeza, ambayo hutolewa kwa amri ya daktari, wala hawapewi wanawake wenye mimba wala watoto wasiofikia uzito wa kilo 15. Dawa ya kupaka hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni mpaka nyayoni, baina ya vidole, chini ya kucha, kiunoni na sehemu za siri, bila ya kuruka mahali. Wengi hupaka pale panapowasha tu, kisha husema dawa haifai. Matibabu hukaririwa baada ya wiki moja au kama atakavyoagiza mganga, ili kuwaua walioanguliwa baadaye. Na mwasho huweza kubaki wiki mbili mpaka nne hata baada ya wadudu kufa. Jambo hilo lisiwatie watu wasiwasi wakazidisha dawa na kuiunguza ngozi.

Siku hiyo hiyo ya dawa, nguo, mashuka na mataulo yote yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe katika jua kali, na yapigwe pasi ikiwezekana. Magodoro na vitu visivyofulika vitolewe juani, na vile vinavyoweza kuwekwa kando visiguswe kwa muda wa siku tatu kamili au zaidi. Vitanda vipangwe kwa nafasi, na kila mtoto apewe malazi yake. Ikiwa vitanda ni 40, basi watoto ni 40. Kuandikisha mtoto wa 41 bila ya kitanda si kumsaidia, hata kama aliyemleta amelia mlangoni.

Kila muhula unapofunguliwa watoto watazamwe ngozi zao, wavulana watazamwe na wanaume na wasichana watazamwe na wanawake, mmoja mmoja, faraghani, kwa kuhifadhi sitara. Atakayekutwa na upele asifukuzwe, wala asisimamishwe mbele ya wenziwe. Mtoto aliyekwisha kupakwa dawa usiku huweza kurudi darasani siku ya pili. Kumrudisha nyumbani mwezi mzima ni kumkosesha elimu na kuwapelekea maradhi wadogo zake.

Nanyi wazazi, msimrudishe mtoto skuli mkijua ana upele na mkanyamaza kwa kuogopa gharama au maneno ya watu. Kunyamaza huko ni khiyana kwa wazazi wenzenu. Mtoto anaporudi likizo, mkagueni kwa upole, na akiwa na upele jitibuni nyumba nzima, baba, mama, bibi na watoto.

Nanyi wanafunzi, wana wetu, mna sehemu yenu. Wazee wana msemo juu ya upele kupewa mtu asiye na kucha. Sisi tunakuambieni zikateni hizo kucha, kwani ni sunna, na kucha fupi hazichani ngozi wala hazifugi uchafu. Kila mmoja na taulo lake na nguo zake. Na mwenzenu akiugua msimcheke. Anayemcheka leo huenda amekwisha kuupata na hajui.

Watu wameuliza habari ya ibada, nasi tunawajibu kwa ufupi. Dawa ipakwe baada ya Sala ya Isha. Pemethrini hukaa masaa 8 mpaka 14, kwa hivyo hufika alfajiri ikiwa imefanya sehemu kubwa ya kazi yake. Mwanafunzi atawadhe kama kawaida kwa Sala ya Alfajiri, kwani dawa iliyoingia katika ngozi bila ya kuacha tabaka lenye kuzuia maji haiharibu udhu. Kisha ajipake tena mahali palipooshwa ikiwa muda haujatimia. Benzili benzoeti huachwa kwa kawaida kwa siku nzima, na hukumu yake katika hayo ni hiyo hiyo. Kupaka dawa juu ya ngozi hakumfunguzi aliyefunga. Ama vidonge, na vimezwe usiku katika mwezi wa Ramadhani. Na mwenye vidonda ambavyo daktari amesema visiguswe na maji, sharia imemuwekea tayammamu kwa sehemu hiyo. Basi asipatikane mtu wa kuiacha dawa kwa kisingizio cha Sala, wala wa kuiacha Sala kwa kisingizio cha dawa.

Na sasa tunawageukia wale waliopewa wasaa wa mali. Tunaona misikiti yetu ikitiwa mazulia mapya na taa za kupendeza, na kheri hiyo Mwenyezi Mungu ailipe. Lakini nyuma ya baadhi ya misikiti hiyo kuna chuo ambacho watoto wake wanalala chini, na bomba moja linawatosheleza watu 80 kwa jina tu. Mwenyezi Mungu katika Surat Tawba amewasifu watu wa msikiti wa mwanzo kwa kupenda kwao kujitwahirisha. Vipi watajitwahirisha wasiokuwa na maji? Mwenye kuweka wakfu kisima, au tangi, au vitanda kumi, au kamba za kuanikia na sabuni za muhula mmoja, huyo ameshiriki katika kila aya itakayohifadhiwa na mtoto aliyelala usingizi wake kamili.

Ndugu Waislamu, mzazi anapomwacha mwanawe mlangoni mwa dakhalia, huwa ametukabidhi roho, akili na mwili. Tumezoea kutoa hesabu ya akili: amehifadhi juzuu ngapi, amepata nambari gani. Siku ya Kiyama tutaulizwa na hesabu ya mwili, hata ngozi ya baina ya vidole. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Surat Nisaa tuzirudishe amana kwa wenyewe. Tuwarudishe watoto kwa wazazi wao wakiwa na elimu waliyoifuata, na wakiwa wazima kama tulivyowapokea.

Ewe Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu wote. Ewe Mola, wahifadhi wanafunzi wetu popote walipo, wape usingizi wa raha, afya ya miili na nuru ya elimu. Wafungue macho walezi wao, na wakunjue mikono wenye nafasi miongoni mwetu. Tughufirie sisi na wazazi wetu na walimu wetu, walio hai na waliokwisha kufa. Tupe mema ya dunia na mema ya Akhera, na utuepushe na adhabu ya Moto. Amin.

Simamisheni Sala.